Uingereza: Nani humlinda mtoto ofisi zikishafungwa?

Saa 11 jioni, milango ya ofisi za halmashauri nchini Uingereza inapofungwa, wajibu wa kuwalinda watoto haufungwi pamoja nayo. Unahamia mikononi mwa kundi dogo la maafisa wa ustawi wa jamii wanaoshika zamu ya dharura hadi saa 3 asubuhi ya siku ya pili, na usiku na mchana siku za mwisho wa juma na za sikukuu. Wiki ina saa 168. Ofisi za kawaida huwa wazi kwa takriban saa 40 tu. Sehemu kubwa ya maisha ya mtoto, basi, imo ndani ya zamu hiyo ya dharura.

Hata hivyo ni zamu inayozungumzwa kwa nadra. Mjadala kuhusu ulinzi wa watoto huwaka pale mtoto anapouawa, hupamba kurasa za mbele za magazeti kwa siku kadhaa, kisha hupoa baada ya ripoti kuchapishwa na waziri kuahidi mageuzi. Swali la nani alikuwa kazini usiku, akijua nini na akiwa na uwezo gani, hubakia katika kurasa za ndani za ripoti ambazo wachache huzisoma.

Kwa familia kutoka Afrika Mashariki na Kongo zinazoishi London, Birmingham, Leicester au Manchester, swali hilo si la kinadharia. Mara nyingi mtu wa kwanza wa serikali kuingia katika mambo ya nyumba yao huingia usiku, baada ya jirani kusikia kelele, au daktari wa hospitali kutilia shaka jeraha. Na yale yanayoamuliwa usiku huo huweza kuifuata familia kwa miaka.

Mtu mmoja, mji mzima

England peke yake ina halmashauri zaidi ya 150 zenye wajibu wa kuwalinda watoto. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria na taratibu zao. Kila moja ya halmashauri hizo hulazimika kuwa na njia ya kupokea taarifa saa zote. Lakini namna ya kufanya hivyo si moja. Ziko zenye kikosi chao wenyewe cha usiku, na ziko zilizoungana na jirani zao ili kugawana gharama. Katika nyingi, eneo ambalo mchana huhudumiwa na makumi ya maafisa huachiwa usiku afisa mmoja au wawili.

Tena si watoto peke yao walio katika dhamana yao. Simu ya kwanza yaweza kuwa ya mzee asiyefikiwa na mtu wa kumhudumia. Ya pili ni ya polisi wanaomshikilia kijana wa miaka 15, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 inataka mtoto asihojiwe bila mtu mzima wa kumsimamia, na mzazi hapatikani au hataki kufika. Ya tatu ni ya mgonjwa wa akili ambaye, chini ya sheria ya mwaka 1983, yapasa apimwe kabla ya kupelekwa hospitali kwa lazima, kazi iwezayo kumchukua afisa saa nyingi. Ya nne ni ya msichana aliyetoroka kituo cha kulelea watoto. Ya tano ni ya kijana wa Eritrea au Sudan aliyekutwa ndani ya lori karibu na bandari ya Dover, bila karatasi wala jamaa.

Katikati ya hayo hospitali hupiga simu: mtoto wa miaka miwili ameletwa akiwa amevunjika mkono, na maelezo ya mzazi hayalingani na jeraha. Afisa wa zamu hufungua kumbukumbu za halmashauri yake. Kama familia ilihamia mwezi uliopita kutoka halmashauri nyingine, huenda asikute kitu, na itambidi amtafute mwenzake wa zamu wa huko. Shule imefungwa, muuguzi anayewatembelea watoto nyumbani amelala, daktari wa familia hapatikani. Mchana, uamuzi kama huo hufanywa baada ya kushauriana na watu wengi. Usiku hufanywa kwa vipande vya habari.

Ndiyo maana swali linaloulizwa usiku ni jembamba kuliko la mchana. Afisa haulizi iwapo mzazi huyu anafaa kulea. Anauliza iwapo mtoto huyu atakuwa salama mpaka asubuhi, na wapi. Je, abaki wodini? Je, yupo jamaa wa kuaminika anayeweza kumpokea? Je, kuna familia ya kulea yenye kitanda kitupu saa 8 za usiku, na iko umbali gani? Wanaoifahamu kazi hii husema ugumu wake mkubwa si kuamua kumtoa mtoto. Ugumu ni kuamua kumwacha, kisha kurudi ofisini kupokea simu inayofuata.

Mipaka ya madaraka

Miongoni mwa wahamiaji imeenea dhana kwamba afisa wa ustawi wa jamii anaweza kugonga mlango na kuondoka na mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, ambayo ndiyo msingi wa mfumo wote wa England, haimpi madaraka hayo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni ridhaa ya mzazi mwenyewe. Ya pili ni polisi, ambao wakiamini kuwa mtoto yumo hatarini wanaweza kumweka chini ya ulinzi wao kwa muda usiozidi saa 72, bila kupitia mahakamani. Ya tatu ni amri ya dharura ya mahakama, inayodumu kwa muda usiozidi siku 8 na inayoweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 7. Amri hii huweza kuombwa hata usiku, na hata bila mzazi kuwapo, lakini majaji wamesisitiza mara kwa mara kwamba ni hatua kali mno, na kwamba anayeiomba lazima aonyeshe hatari iliyo dhahiri na ya karibu.

Kwa vitendo, usiku wa manane hatua za mahakama huwa ngumu na za polisi huwa nyepesi. Hapo ndipo wachambuzi wa sheria wanapoona tatizo la kwanza. Madaraka ya polisi yalikusudiwa kwa dharura ya kweli, lakini wepesi wake huyafanya yawe kimbilio la mfumo wenye watu wachache.

Tatizo la pili ni ridhaa. Mzazi aliyetoka kituo cha polisi, asiyelala, asiyejua sheria na pengine asiyesoma Kiingereza, hupewa karatasi atie sahihi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza iliamua kesi iliyoihusu Halmashauri ya Hackney, mashariki mwa London, ambapo watoto 8 wa familia moja walichukuliwa na polisi mwaka 2007 na kuendelea kukaa mikononi mwa halmashauri kwa takriban miezi miwili, muda mrefu baada ya zile saa 72 kwisha. Wazazi walishindwa katika rufaa yao. Lakini Mahakama ilitumia nafasi hiyo kufafanua kwamba mzazi anayekubali mtoto wake atunzwe na halmashauri lazima akubali kwa hiari ya kweli, na kwamba, kama hakuna amri ya mahakama, anayo haki ya kumchukua mtoto wake wakati wowote.

Ni vyema pia ifahamike kwamba mzazi ambaye halmashauri imemfikisha mahakamani kuomba amri ya dharura au ya malezi ana haki ya kupata wakili kwa gharama za serikali, bila kujali kipato chake. Wengi hawalijui hilo, na hofu huwafanya wanyamaze au wakimbie. Katika macho ya afisa asiyewajua, mambo yote mawili huonekana kama dalili za hatia.

Funzo la Victoria Climbié

Hakuna kisa kilichoutikisa mfumo huu kama cha Victoria Climbié. Alizaliwa karibu na Abidjan, Ivory Coast, mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa jamaa aliyewaahidi kumsomesha Ulaya. Alipitia Ufaransa na kufika London Aprili 1999, akisafiria hati ya mtoto mwingine na akiitwa jina lisilo lake. Februari 25, 2000 alifariki katika Hospitali ya St Mary's akiwa na umri wa miaka 8, mwili wake ukiwa na alama 128 za majeraha. Jamaa huyo, Marie-Thérèse Kouao, na mwanamume aliyeishi naye, Carl Manning, walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Tume iliyoongozwa na Lord Laming ilitoa ripoti yake Januari 2003. Ilibaini kwamba huduma za umma zilikuwa na nafasi 12 za kumwokoa mtoto huyo, na hazikuitumia hata moja ipasavyo. Moja ilitokea Julai 1999, alipofikishwa hospitali kaskazini-magharibi mwa London na madaktari wakashuku kwamba alikuwa akipigwa. Polisi walimweka chini ya ulinzi wao. Siku iliyofuata, baada ya daktari mwandamizi kusema kwamba alama zile zilikuwa za upele, ulinzi uliondolewa na mtoto akarudishwa kwa watesi wake. Ulinzi ulioruhusiwa kudumu saa 72 ulidumu takriban siku moja. Kilichokosekana si sheria. Kilichokosekana ni mtu wa kuzungumza na mtoto mwenyewe, kwa lugha yake ya Kifaransa, na kumwuliza yaliyompata.

Kati ya mapendekezo 108 ya Lord Laming, lipo lililohusu usiku moja kwa moja. Alitaka kila halmashauri iwe na huduma maalumu ya watoto na familia saa 24, siku 7 za wiki, na kwamba ulinzi wa watoto usichanganywe tena na kazi nyingine za zamu za dharura za jumla.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, zamu za jumla zingalipo katika sehemu nyingi za nchi. Wanaozitetea wana hoja zao. Idadi ya simu za usiku haitabiriki. Halmashauri ndogo yaweza kupitisha usiku mzima bila dharura ya mtoto, kisha ikapata tatu ndani ya saa moja. Kuwa na vikosi viwili vya usiku, kimoja cha watoto na kingine cha watu wazima, maana yake ni kila kimoja kuwa na watu wachache zaidi. Na afisa wa usiku mwenye uzoefu wa kila kitu huiona nyumba nzima: mama mgonjwa wa akili, nyanya asiyejiweza na mtoto anayewahudumia wote wawili.

Hoja hizo ni za kweli, lakini si sababu pekee. Tangu mwaka 2010 serikali kuu ilipunguza sana fedha inazozipa halmashauri. Fungu la kuzisaidia familia mapema, kabla mambo hayajaharibika, ndilo lililokatwa zaidi, wakati gharama za kuwatunza watoto waliokwisha kuondolewa nyumbani zimezidi kupanda. England leo ina watoto zaidi ya 80,000 walio katika malezi ya halmashauri, na hufanya uchunguzi wa usalama wa watoto zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Mto ukifurika mchana, maji hayangoji kukuche.

Kisa cha Arthur Labinjo-Hughes kilionyesha ufa mwingine. Aprili 2020, wakati nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya janga la korona, bibi yake aliiarifu zamu ya dharura ya Solihull kwamba mtoto huyo wa miaka 6 alikuwa na michubuko. Siku iliyofuata maafisa walikwenda nyumbani, hawakuona la kuwatia wasiwasi, wakaondoka. Picha za michubuko hiyo hazikuwa mikononi mwao. Juni mwaka huo Arthur aliuawa. Simu ilipokewa, na hatua ilichukuliwa ndani ya siku moja; lakini kati ya aliyeona, aliyepokea simu na aliyekwenda nyumbani, uzito wa habari ulipotea njiani. Ni udhaifu unaojulikana wa kazi ya zamu: hofu ya usiku mzima hufika asubuhi ikiwa mistari michache kwenye kompyuta.

Undugu usiotambuliwa na sheria

Kwa wasemaji wa Kiswahili, kuna jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi. Kouao alikuwa shangazi wa baba yake Victoria. Kwa hesabu ya Mswahili, huyo ni bibi. Mtoto kulelewa naye si habari. Kwa sheria ya England, jamaa wa karibu ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi na wenzao wa ngazi hiyo, pamoja na mzazi wa kambo. Shangazi wa baba hayumo. Wala hayumo binamu, wala rafiki wa mama tangu utotoni ambaye watoto humwita mama mkubwa. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akikaa kwa mtu kama huyo siku 28 au zaidi, halmashauri lazima ijulishwe.

Familia nyingi za Afrika Mashariki hazijawahi kusikia sharti hilo. Wanaolea mtoto wa ndugu kwa nia njema hujikuta usiku mmoja wakiulizwa kwa nini hawakutoa taarifa. Na wanaolea kwa nia mbaya hunufaika na ukimya huohuo.

Lugha nayo ina mitego. Mkalimani wa simu anayepatikana saa 9 za usiku huenda akawa wa Nairobi, na mama akawa wa Bukavu, au mzee wa Barawa anayezungumza Chimwini. Mama akisema "nilimrudi mtoto", akimaanisha alimwadhibu, mkalimani asiyelijua neno hilo aweza kuandika kwamba alirudi nyumbani kwa mtoto. "Mama mdogo" huweza kuingia katika kumbukumbu kama mama wa kambo, au mama mwenye umri mdogo. Na pale mkalimani asipopatikana kabisa, hutokea mtoto mwenyewe, pengine ndiye aliyeumizwa, akageuzwa mkalimani wa wazazi wake, jambo lililokatazwa na miongozo yote ya kazi hii.

Haifai, hata hivyo, utamaduni ugeuzwe ngao. Kristy Bamu, kijana wa miaka 15 aliyekuja London kutoka Paris kusherehekea Krismasi kwa dada yake, aliuawa Desemba 25, 2010 na dada huyo na mwenzi wake, waliomtuhumu kuwa na kindoki, yaani uchawi. Walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Mateso yake yalipita siku kadhaa za sikukuu, wakati shule zimefungwa na ofisi hazina watu. Katika siku kama hizo, jicho la serikali huwa limefumba nusu, na macho yaliyobaki ni ya jirani, jamaa na waumini wa kanisa au msikiti mmoja. Hao wakinyamaza, zamu ya usiku haina la kupokea.

Nyumbani nako

Kenya, Tanzania na Uganda zimechukua njia tofauti. Katika nchi zote tatu namba 116 hupokea taarifa za watoto kwa simu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar ina yake ya mwaka 2011, na Kenya iliifuta sheria ya mwaka 2001 na kutunga mpya mwaka 2022. Vituo vya polisi vya Tanzania vina madawati ya jinsia na watoto. Juu ya karatasi, ngome ipo.

Lakini simu ikishapokewa, nani atakwenda? Afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ana eneo kubwa na mara nyingi hana gari. Kwa hiyo usiku wa kijijini huangukia kwa mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kitongoji au jirani mwenye moyo. Mtoto aliyejeruhiwa aweza kupelekwa kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3 kabla ya kutibiwa.

Ulinganisho huo haupaswi kuishia katika kuisifu Uingereza. Uingereza ina amri, fomu na kompyuta, lakini afisa wake wa usiku hamjui mtoto wala mtaa. Kijijini jirani anamjua mtoto, babu yake na desturi za nyumba ile, lakini hana sheria mkononi wala pa kumlaza. Kila upande una nusu ya kile kinachohitajika.

Kwa Uingereza, mtihani ni iwapo pendekezo la mwaka 2003 litatekelezwa kwa fedha na watu, badala ya kukumbukwa kila baada ya msiba. Kwa jamii za wahamiaji, mtihani ni kuzijua haki na wajibu mapema: kuitaarifu halmashauri kuhusu mtoto wa ndugu, kudai mkalimani anayefaa, kumtaka wakili kabla ya kutia sahihi, na kupiga simu pale kilio cha jirani kinapozidi. Kwa Afrika Mashariki, ni kumpa yule jirani mwenye moyo mtu wa kumpigia, gari litakalofika, na kitanda kwa ajili ya mtoto kabla jua halijachomoza.